Baiskeli Isiyofika Himo

Nilipokuwa mdogo kwetu Kibosho, hakuna mtu mzima aliyefanya mazoezi, wala hakuna aliyeyahitaji. Mama alikuwa na shamba la mahindi na maharage huko chini tambarare, na ng'ombe wawili zizini, juu kihambani, kwenye migomba ya nyumbani. Ng'ombe wa kihamba hatoki kwenda malishoni. Hupelekewa chakula chake alipo. Kwa hiyo majani yalikatwa chini, yakafungwa mzigo, yakapanda mlima kichwani mwa mwanamke. Kutoka mjini Moshi hadi kwetu ni mpando wa zaidi ya mita 300 kwenda juu, na mama aliupanda na mzigo wake huku akipiga soga na wenzake, na akifika anaanza kumenya ndizi. Siku ya soko alishuka na mikungu, akapanda na chumvi, sabuni na mafuta ya taa.

Katikati ya miaka ya 1990 watafiti wa afya walikwenda upande wa Machame, kijiji cha Shari wilayani Hai, wakawapima watu sukari na uzito. Wakawapima pia watu wa Ilala, Dar es Salaam, ili walinganishe. Matokeo yalichapishwa mwaka 2000. Wanaume wenye kisukari Shari walikuwa asilimia 1.7, Ilala asilimia 5.9. Wanawake walikuwa asilimia 1.1 kwa Shari na 5.7 kwa Ilala. Tofauti hiyo watafiti waliihusisha na unene, kutoutumia mwili, na maisha ya mjini kwa jumla.

Kila nikizitazama namba hizo namwona mama na mzigo wake wa majani. Sisemi mzigo ule ulikuwa kitu kizuri. Uliharibu shingo na migongo ya wanawake wengi wa mlimani, na binti zangu hawataubeba eti wapate afya. Lakini mlima ulikuwa unatudai kila siku, na kila siku tulilipa bila kujua kwamba tunalipa. Sasa bodaboda inakufikisha mlangoni. Majani ya ng'ombe yanapanda kwa kirikuu. Mtoto wa darasa la tatu anarudishwa na gari la shule hadi kwenye migomba ya bibi yake. Kibosho ya leo haiko mbali na Ilala ya wakati ule, isipokuwa hewa ni nzuri zaidi.

Mimi nilitangulia kuuhama mlima. Nilifundisha sekondari hapa mjini Moshi hadi kustaafu, na nyumba yetu iko Soweto, mahali ambapo mteremko wa Kilimanjaro umekwishachoka. Kazi ya ualimu watu huidhani ni ya kusimama, lakini madaftari husahihishwa mtu akiwa amekaa, na nyumbani nilirudi kwa bajaji. Mara moja kwa mwaka, mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, Kilimanjaro Marathon huujaza mji wetu wakimbiaji, desturi iliyoanza mwaka 2003, na kila mtu anaonekana amevaa fulana ya mbio. Nami fulana ninazo. Asubuhi ya Jumatatu mji mzima unarudi kwenye viti vyake.

Goti langu la kulia ndilo lililoleta hoja ya baiskeli mezani. Lilikuwa linalia, hasa nikishuka ngazi, na asubuhi lilikataa kunyooka mpaka nilibembeleze. Daktari alisema gegedu limeanza kusagika. Akapima na sukari, akaniambia bado si ugonjwa lakini iko njiani kuwa ugonjwa. Akanipeleka kwa mtaalamu wa tiba ya viungo, binti mdogo ambaye angeweza kuwa mwanafunzi wangu. Nilitegemea aniambie nipumzike.

"Mama, goti halitaki kupumzishwa," alisema. "Linataka kuzungushwa bila kishindo. Ukitembea, kila hatua uzito wote unaliangukia. Ukiwa kwenye baiskeli, uzito umebebwa na siti."

Alinionyesha pia mazoezi ya kuimarisha misuli ya paja, ya kunyoosha mguu nikiwa kitini, na akasisitiza kwamba baiskeli bila hayo ni nusu ya dawa. Nalitaja hilo mapema kwa sababu wauzaji wa mashine hawalitaji kabisa.

Mume wangu alishauri tununue baiskeli ya Phoenix na kumaliza mjadala. Ni ushauri wa mtu ambaye hajaendesha baiskeli Moshi tangu ujana wake. Ukitoka Soweto kwenda upande wowote wa maana, ama unapanda ama utapanda wakati wa kurudi, na mpando kwa goti bovu ni adhabu. Barabara ya Arusha ni ya malori na mabasi. Alfajiri, saa ambayo jua halijaanza kuchoma, kuna mbwa waliofunguliwa na bodaboda zisizo na taa. Masika yakianza Machi, udongo wetu mwekundu unateleza hadi Mei. Ilibidi iwe baiskeli ya ndani.

Majirani walicheka. Mmoja aliuliza kama nitalipia kodi ya barabara. Nikawaambia jambo hili si geni hata kidogo: London mwaka 1796, Mwingereza mmoja, Francis Lowndes, alisajili mashine aliyoiita Gymnasticon, ya kumwezesha mgonjwa kuchezesha miguu na mikono akiwa ndani ya nyumba. Na kwa upande wa vichekesho, mlima wetu huu umewahi kuona makubwa zaidi. Katikati ya miaka ya 1980 binamu wawili Waingereza, Nicholas na Richard Crane, walipandisha baiskeli zao mpaka kileleni Kibo, mita 5,895, wakaandika na kitabu. Mimi nilikuwa naomba kona moja ya sebule.

Kuchagua kulichukua muda kuliko nilivyodhani, maana mashine hizi zinafanana kwa mbali na kutofautiana kwa karibu. Kuna ya wima, unayoikalia kama baiskeli ya kawaida, pedali zikiwa chini yako. Kuna ya kuegemea, yenye kiti chenye mgongo, pedali zikiwa mbele. Na kuna ile ya spini ya kwenye majumba ya mazoezi, yenye gurudumu zito lililo wazi, unayoiinamia kama mwanamashindano. Ya kuegemea ni nzuri kwa mwenye mgongo mbovu, na kwa mzee asiyeweza kurusha mguu juu, lakini inakula nafasi kama kochi. Ya spini, katika nyumba yenye wajukuu, niliiondoa papo hapo. Gurudumu la kilo zaidi ya kumi likishashika kasi halisimami kwa sababu mtoto ameingiza kidole, na nyingi kati ya hizo pedali haziachi kuzunguka mpaka gurudumu litulie. Ya wima ina gurudumu dogo lililofunikwa, inachukua nafasi ya kiti na stuli yake, na mwili unaijua bila kufundishwa.

Baada ya hapo swali kubwa ni nini kinachozifanya pedali ziwe nzito. Hili muuzaji wa kwanza hakulijua, ingawa alijua rangi zote zilizopo stoo. Zile za bei ya chini hutumia kipande cha sufi au mpira kinachobana gurudumu, mfano wa breki. Kinafanya kazi, lakini kinaliwa, kinatoa vumbi na harufu, na uzito wake leo si uzito wake wa mwezi ujao. Nyingine hutumia sumaku. Sumaku inasogezwa karibu na gurudumu bila kuligusa, na kadiri inavyosogea ndivyo pedali zinavyokuwa nzito. Hakuna kinachosuguana, kwa hiyo hakuna kelele wala kipuri cha kubadilisha kila mara. Mtu anayetaka kupanda saa kumi na moja alfajiri bila kuamsha nyumba nzima, atafute sumaku. Hapa sina mjadala.

Kisha umeme. Nilikutana na mashine moja nzuri sana ya mtumba, iliyotoka Marekani, ina kioo kikubwa na vitufe vingi, bei ya kuvutia. Nyuma imeandikwa volti 110. Umeme wetu ni volti 230. Ukiichomeka bila kifaa cha kupunguza umeme, harufu ya moshi ndiyo programu ya kwanza utakayoiona. Mitumba ya Uingereza na Ujerumani haina tatizo hilo. Ila hata ikikubaliana na umeme wetu, jiulize kama unataka mazoezi yako yategemee TANESCO. Wakati wa mgao tumekaa gizani vya kutosha. Nilitafuta ile ambayo uzito wake unabadilishwa kwa kitufe cha kuzungusha kwa mkono, na kioo chake kinatumia betri mbili ndogo kama za rimoti. Betri zikiisha unapoteza namba, hupotezi mazoezi.

Mambo mengine niliyapima kwa makalio na masikio. Nilikaa, nikayumba kulia na kushoto kwa makusudi kuona kama miguu ya mashine inacheza sakafuni. Nilizungusha polepole kwenye uzito mdogo kabisa, kwa sababu hapo ndipo gurudumu jepesi linapojisema: pedali inakwamakwama kila inapopita juu, na mkwamo huo ndio goti bovu linaousikia. Nilisoma kibandiko cha uzito wa juu wa mtumiaji. Mume wangu ni mtu wa kilo, na mashine iliyoandikwa 100 haimfai mtu wa 98. Nikaangalia kama siti inapanda na kushuka, na pia kama inasogea mbele na nyuma. Nyingi hupanda na kushuka tu, na kwa nyumba yenye watu wa vimo tofauti hiyo ni kasoro.

Muuzaji mmoja alikuwa amekazania nichukue yenye intaneti, inayoonyesha barabara za Ulaya mtu akipedali. Nilimuuliza inapanda mpaka ngapi kwa uzito, akanijibu ina spika. Nikamshukuru.

Mwishowe nilinunua ya mtumba iliyotoka Ujerumani, ya sumaku, ya mkanda badala ya cheni. Mkanda hauhitaji oili na haupigi kelele. Bei yake ilikuwa sawa na mbuzi watatu wa Krismasi, na watu wa Kilimanjaro mnajua mbuzi wa Desemba anavyouzwa.

Ilikuja imefunguliwa vipandevipande kwenye boksi. Kijana aliyeileta alijitolea kuifunga, na kila kitu kilikwenda vizuri mpaka pedali ya kushoto. Alikuwa anaikaza kama tunavyokaza kila kitu, kwenda upande wa saa, na ilipogoma akachukua spana ndefu zaidi. Bahati nzuri nilikuwa nimemwita mzee mmoja, fundi baiskeli wa Majengo, aje kuitazama. Alifika wakati kijana anapandisha mguu juu ya spana.

"Kijana, acha. Acha kwanza," alisema kabla hata ya kusalimia. "Ya kushoto inakazwa kinyume. Ukiilazimisha thredi zote zinakatika, na mkono wa pedali umekufa."

"Shikamoo, mzee. Mbona hii ni mashine ya Ulaya?"

"Marahaba. Na Phoenix nayo ni ya wapi? Baiskeli zote ni hivyohivyo. Ingekuwa inakazwa kama ya kulia, ungepedali mwezi ikajifungua yenyewe. Angalia mwisho wa msumari wake, wameandika L. Ile nyingine ina R."

Alianza kuzifunga pedali zote mbili kwa vidole, bila spana, mpaka zikaingia zenyewe mizunguko kadhaa, ndipo akakaza. Akapaka grisi kidogo kwenye thredi. Akaniambia nizikaze tena baada ya wiki, na baada ya hapo nipitie nati zote kila mwezi, hasa za siti. Alikataa kulipwa zaidi ya nauli na chai. Siku hizi nikisikia mtu analalamika kwamba mashine yake inagonga, jambo la kwanza ninalomuuliza ni pedali ya kushoto, na mara nyingi ugonjwa uko hapo.

Ikiwa kuna kitu kimoja kinachoamua kama mashine itakuponya au itakuumiza, ni kimo cha siti, na ndicho kinachopuuzwa kuliko vyote. Watu hukaa chini mno kwa sababu wanataka miguu iguse sakafu, kama kwenye baiskeli ya barabarani. Lakini hii haianguki! Ukikaa chini, goti linakunjwa kupita kiasi kila mzunguko, na maumivu yanakuja mbele ya goti. Ukikaa juu mno, nyonga zinacheza kulia na kushoto kutafuta pedali, na mgongo unalalamika usiku. Yule binti wa tiba ya viungo alinipa njia rahisi. Simama kando ya mashine, weka siti usawa wa mfupa wa nyonga. Kisha panda, weka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa: mguu unyooke. Ukirudisha sehemu pana ya mbele ya unyayo kwenye pedali, pale ambapo hasa ndipo pa kupedali, goti litabaki limekunjika kidogo. Hapo ndipo penyewe. Usukani weka juu, usawa wa siti au zaidi, ili usiiname; huna upepo wa kuukwepa sebuleni.

Nyumbani kwetu kimo changu na cha mume wangu ni tofauti, kwa hiyo tumeweka alama mbili za rangi ya kucha kwenye nguzo ya siti. Nyekundu yangu. Ya kwake ilibidi iwe ya waridi, maana ndiyo iliyokuwepo.

Siti yenyewe itakuuma mwanzoni, hilo tuambiane ukweli. Mifupa ya makalio inahitaji muda kuizoea. Kuna vifuniko vya jeli, na vinasaidia, ila kifuniko laini kupita kiasi kinakuzamisha na kukusugua. Suruali ya mazoezi ni bora kuliko kitenge. Nasema hivi kwa wanawake wenzangu wanaofikiri kwamba nyumbani kanga inatosha: ncha ya kanga inaingia kwenye mkono wa pedali kabla hujajua, na unakuta umefungwa kwenye mashine kama mbuzi kwenye kigingi.

Halafu kuna suala la mahali. Nimeona baiskeli kama hizi katika nyumba kadhaa za mjini hapa, Shanty Town na kwingineko, na karibu zote zilikuwa chumba cha wageni au stoo, zikikausha mashuka. Mwenye nyumba huona aibu kuiweka sebuleni, anaificha, na kitu kilichofichwa hakipandwi. Yangu iko sebuleni, inatazama dirisha la kaskazini. Mawingu yakiondoka naiona Kibo. Wageni wanaikuta, wanaiuliza, wengine wanaipanda wakiwa na viatu vya harusi. Chini nimeweka kipande cha zulia la mpira, kinazuia sauti na kinalinda sakafu. Jasho nalifuta kila nikimaliza, hasa kwenye usukani na nati, kwa kuwa chumvi yake inakula chuma. Januari na Februari Moshi inawaka, na ndani hakuna upepo wa mwendo wa kukupoza, kwa hiyo napanda kabla ya jua, dirisha wazi, chupa ya maji karibu.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili. Mwongozo wake wa mwaka 2020 uliondoa sharti la zamani kwamba dakika zisihesabiwe mpaka zifike kumi mfululizo, na kwa mtu anayeanza hiyo ni habari njema kuliko mashine yoyote. Nilianza na dakika chache, uzito mdogo, nikashuka kabla sijachoka. Mwenye goti bovu apunguze uzito na aongeze mzunguko. Mizunguko 60 hadi 80 kwa dakika inatosha. Kutafuta kishujaa uzito wa juu ndiko kunakorudisha watu hospitali. Na anayetumia insulini au vidonge vya sukari aongee na daktari wake kwanza, maana sukari inaweza kushuka akiwa juu ya siti. Maumivu ya kifua si ya kuvumilia. Shuka.

Kipimo changu ni kwaya. Wataalamu wanasema katika mazoezi ya wastani mtu anaweza kuongea lakini hawezi kuimba. Mimi ni wa sauti ya pili parokiani, na najizoeza nyimbo za Jumapili nikiwa juu ya baiskeli. Nikimaliza ubeti bila kukatika pumzi, naongeza uzito kidogo. Nikishindwa kumwambia mjukuu aache kuchezea rimoti, napunguza. Mwalimu wa kwaya hajui kwa nini pumzi yangu imekuwa ndefu, na sijaona sababu ya kumweleza.

Kioo kina namba nyingine nyingi, na nyingi ni za kubembeleza. Kalori inazokuhesabia hazijui umri wako, na mara nyingi hazijui hata uzito wako. Mapigo ya moyo yanayosomwa kwa viganja huruka huku na huko mkono ukilegea. Kilomita nazo ni idadi ya mizunguko iliyozidishwa kwa namba ambayo kiwanda kimeamua. Mume wangu, ambaye alitaka Phoenix, ndiye aliyezipenda kilomita kuliko sote. Anaziandika ukutani kwenye kalenda na kuzijumlisha kwa njia ya kwenda Dar es Salaam. Wajukuu wakifika wanauliza, "Babu amefika wapi?" Tunajibu amepita Himo, yuko Mwanga, anakaribia Same. Nilipomweleza jinsi kiwanda kinavyohesabu, alinyamaza kidogo akasema basi huenda hata Himo hajafika, na kesho yake akapanda tena. Namba ya uongo iliyomtoa mtu kwenye kochi nimeisamehe.

Mama yangu alikuja kliniki mjini akalala kwetu. Ana zaidi ya miaka 80 na bado anachuma kahawa ya karibu na mlango. Asubuhi alinikuta napedali, akasimama akaniangalia kwa muda mrefu.

"Mwanangu, na hapo unaenda wapi?"

"Siendi popote, mama. Ni ya goti na sukari."

"Basi nguvu hizo ungekuja nazo Kibosho, ng'ombe wanataka majani."

Alitaka kuijaribu, lakini ya wima haikumfaa. Kurusha mguu kupita mwili wa mashine kwa umri wake ni kutafuta kuvunjika nyonga. Kama tungenunua kwa ajili yake, ingebidi iwe ile ya kuegemea, au zile pedali ndogo zinazowekwa sakafuni mbele ya kiti. Nilimketisha, akanywa chai, akaendelea kushangaa.

Goti halijapona, gegedu lililosagika halirudi. Ila asubuhi linanyooka bila kubembelezwa, na ngazi za kanisa nazishuka bila kushika ukuta. Sukari imerudi mahali ambapo daktari haandiki chochote pembeni. Uzito umeshuka kidogo tu, na nadhani kilichosaidia zaidi hapo ni kupunguza wali wa usiku. Anayenunua baiskeli ili akonde peke yake, bila kugusa sahani, ataiuza kabla ya Pasaka.

Nina ombi moja kwa vikundi vyetu vya vikoba, vya parokia na vya mitaa. Tunanunua mahema, viti vya plastiki na masufuria ya sherehe, na tunavikodisha. Baiskeli moja ya sumaku kwenye ukumbi wa parokia ingepandwa na watu wengi kwa siku, na wengi wao ni wanachama ambao kikundi kinawachangia matibabu ya presha na kisukari. Zahanati zenye siku ya kliniki ya kisukari nazo, ambako wagonjwa hukaa benchi tangu asubuhi wakisubiri kuitwa, zingenufaika sana na mashine ya namna hiyo.

Na wewe unayekwenda kununua ya kwako, vaa viatu utakavyovitumia, fuatana na mtu mzito kuliko wote nyumbani, na mpande nyote kabla ya kutoa pesa. Zungusheni kwa dakika kumi, kwenye uzito mdogo na mkubwa, na chungulieni nyuma muone volti. Muuzaji asiyekubali mpande, mwachieni mashine yake.